Gari likicheza ndombolo ukikanyaga breki

Nimerudi mjini juzi kutoka Uingereza nilikokwenda kumsalimia binamu yangu, na kabla hujaniuliza habari za zawadi nakwambia mapema: zawadi yako ndiyo hii safu.

Lakini kwanza niungame. Kuna wakati niliandika hapa hapa, tena kwa kujiamini kama waziri, kwamba diski za breki zikipata moto sana zinapinda, ndiyo maana gari linatetemeka ukikanyaga breki. Baadhi yenu mliikata ile safu mkaibandika ukutani gereji. Ibandueni. Nilichemsha, na nimelijua kosa langu baada ya kulala chali chini ya gari kwenye baridi la watu siku nzima, nimevaa makoti mawili ya binamu, moja juu ya jingine.

Basi bwana, kisa chenyewe kiko hivi.

Binamu yangu anaishi Kent, kusini mashariki mwa England, anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni kijana asiyekunywa, asiyevuta, mambo ya kujirusha hana. Ugonjwa wake ni mmoja tu: mkoko. Miaka mitatu alidunduliza vijisenti mpaka akanunua Mazda MX-5 ya mwaka 1999, nyekundu, viti viwili, paa la turubai linalofunuliwa. Usiicheke. Gari hilo, ambalo kwao Japani linaitwa Roadster, lilitoka mara ya kwanza mwaka 1989, na uzito wake ni kilo elfu moja na kidogo tu. Linakata kona kama swala aliyeona simba.

Sasa kule wana mchezo mmoja. Viwanja vya mashindano ya magari, siku ambazo hakuna mashindano, vinafunguliwa kwa watu wa kawaida. Unalipa, unakuja na gari lako, unavaa helmeti, asubuhi mnasomewa sheria, halafu mnaachiwa mkimbie. Hakuna kombe wala mshindi, hakuna anayekupimia muda, na humpiti mtu mpaka akuruhusu. Wenyewe wanaiita siku ya treki. Nilipoisikia nikajisemea, laiti tungekuwa nayo, wale vijana wetu wanaoshindana saa nane za usiku barabarani wangepata pa kumalizia kiu.

Kiwanja anachokwenda binamu ni Brands Hatch, humo humo Kent, ambako Formula One ilikimbia mara ya mwisho mwaka 1986. Ile njia fupi, inayoitwa Indy, haifiki hata kilomita mbili. Unaingia kona ya Paddock Hill inayoporomoka kama mtu kakuvutia zulia miguuni, unapanda kilima, unakanyaga breki za nguvu kabla ya Druids inayokunja kama kiwiko, unashuka tena, na baada ya dakika moja hivi uko pale pale ulipoanzia. Sasa hebu fikiria. Raundi fupi namna hiyo, breki zitapumulia wapi?

Tatizo lilianza msimu uliopita. Akikanyaga breki akiwa kwenye spidi kubwa, stelingi inacheza kushoto kulia, dashibodi inagonga, miwani inamshuka puani. Akapeleka gereji. Wakamwambia diski zimepinda. Akanunua mbili mpya za mbele. Wiki tatu raha mustarehe, akaenda treki mara moja, ndombolo ikarudi. Akapeleka tena gereji ile ile, jibu lile lile, diski mbili nyingine. Ikarudi! Zaidi ya paundi 400 zikawa zimeyeyuka, na shemeji yangu, ambaye ana ujauzito wa miezi sita, akasema neno moja tu: uza.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha binamu. Shemeji akifoka ujue kuna mjadala. Akisema taratibu huku anakunja nguo, ujue kikao kimefungwa.

Binamu akaomba rufaa. Jumatano alikuwa ameshalipia siku nyingine ya treki, na mimi, "kaka wa magazetini", natua Ijumaa. Wakakubaliana: kaka aliangalie gari Jumamosi, Jumatano liende treki, likitetemeka tena linauzwa na hela inanunua vitu vya mtoto. Mimi nilijulishwa mkataba huo nikiwa uwanja wa ndege, mabegi mkononi.

Jumamosi asubuhi sikugusa spana. Nilimwambia tuendeshe kwanza. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza, wanafungua kabla ya kuuliza, wakati gari lenyewe linasema.

Swali la kwanza: linatetemeka bila breki? Tulikwenda kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu, kimya, limetulia kama maji ya mtungini. Lingetetemeka hapo ningekwenda kwenye tairi na balansi. Na gari linalokwenda treki lina kimbwanga chake: vipande vya mpira vilivyomomonyoka kwenye tairi za wenzako vinanasa kwenye tairi zako za moto kama bazoka kwenye soli ya kiatu. Ukitoka hivyo barabarani utadhani gurudumu linachomoka, kumbe ni uchafu tu, unaisha wenyewe baada ya mwendo.

Swali la pili: unausikia wapi? Ukiusikia kwenye stelingi, anza kushuku mbele. Ukikutekenya kwenye kiti, shuku nyuma. Wetu ulikuwa wa stelingi. Ili kuhakikisha, tulitafuta kibarabara kitupu, kilomita 60 kwa saa, gari limenyooka, binamu akavuta handibreki polepole huku dole gumba limebonyeza kitufe isijifunge. Kwenye MX-5 handibreki inashika zile zile diski za nyuma, kwa hiyo ni kipimo cha bure. Likapunguza mwendo bila kulalamika. Nyuma wazima. (Wewe usijaribu kwenye mvua, wala usiivute kwa pupa, utajikuta unatazama ulikotoka.)

Swali la tatu: mapigo yanafuata mwendo wa gurudumu? Tairi za gari lile zikizunguka mara moja zinakwenda kama mita 1.8. Piga hesabu: kwenye kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 15 kwa sekunde. Diski ikiwa na sehemu moja mbaya, utapigwa mara 15 kwa sekunde, na kadiri mwendo unavyoshuka mapigo yanachelewa, tu-tu-tu, tu... tu... tu. Ndivyo ilivyokuwa. ABS nayo hugonga mguu, lakini inakuja pale tu tairi inapotaka kuteleza, si kila ukigusa pedeli.

Tukarudi nyumbani, jeki chini, magurudumu ya mbele juu. Kabla ya kuigusa diski nilikagua vitu vinavyoua: nati zote zimekaza? Beringi ina uchezo? Boli jointi? Bushi? Hapo sikuwa na utani, maana mtetemo wa breki unaweza kuficha gurudumu linalotaka kukuaga. Bushi iliyochoka haianzishi mtetemo, ila inaukuza kama spika za disko la uswahilini. Vyote vilikuwa safi. Nikapitisha tochi kwenye diski kutafuta nyufa. Vimistari vidogo vya joto vilikuwepo, hivyo kwa gari la treki ni kawaida, lakini ufa uliofika ukingoni mwa diski hauna mjadala, diski hiyo ni chuma chakavu siku hiyo hiyo.

Halafu nikaona. Kwenye uso wa diski zote mbili kulikuwa na vibaka vyeusi vyenye rangi ya bluu kwa mbali, na kimoja kilikuwa na umbo la pedi kabisa, utadhani mtu kapiga muhuri.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakudanganya. Pedi haifanyi kazi kwa kuikwangua diski peke yake. Ikipata joto inaacha utando mwembamba wa dawa yake juu ya chuma, na utando huo ukienea sawasawa breki zinashika vizuri na kimya. Lakini pedi ikizidiwa na moto, inaipaka diski kama mtoto anavyopaka siagi, huku nene, kule hakuna. Au wewe dereva utoke kwenye moto mkali, usimame, uing'ang'anie pedeli: pedi inabandika umbo lake pale pale, kama pasi iliyosahaulika juu ya shati. Tofauti ya unene ikifika sehemu mbili za mia za milimita tu, inatosha kuitikisa stelingi. Kwa macho utaapa diski imenyooka. Na kweli imenyooka!

Mtu aliyelipigia kelele jambo hili kuliko wote ni Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mashindano wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2003, mmoja wa watu waliokuwa kwenye kazi ya Ford GT40 pamoja na Carroll Shelby. Aliandika kwamba kila alipoitwa kuangalia diski "iliyopinda" alikuta ni dawa ya pedi iliyotapakaa vibaya. Na alionya jambo baya zaidi. Vile vibaka vikiachwa vinapata moto kuliko sehemu nyingine, na chuma cha chini yake kikifika nyuzi 650 mpaka 700 hivi kinabadilika kuwa kitu kigumu kinachoitwa simentaiti. Hapo msasa hausaidii tena, vibaka vitarudi tu.

Moto huo unatoka wapi? Chukua MX-5 pamoja na dereva, kilo 1,100, lipunguze kutoka kilomita 150 kwa saa mpaka 75. Nguvu unayoigeuza kuwa joto ingeiweka birika ya umeme ya wati 2,000 ikichemka kwa karibu dakika sita. Breki zinaimeza kwa sekunde mbili tatu. Halafu raundi inayofuata, tena. Na tena.

Na ndiyo maana fundi anaonekana bingwa. Akiikereza diski, anakwangua vile vibaka, gari linatulia, wewe unasema "kumbe kweli ilikuwa imepinda." Akikuuzia mpya, vilevile. Ila sababu imebaki garini, na mara nyingi imekaa kwenye kiti cha dereva.

Nikamuuliza binamu, "Walipobadilisha diski, pedi je?"

"Pedi zilikuwa bado nene, kaka. Wakasema tuzitumie tu."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Pedi zenyewe za kwendea sokoni, si za treki, zimeshaungua mpaka uso unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikauliza tena, ukimaliza kukimbia unafanyaje? Akasema anatoka raundi ya mwisho kwa fujo, anaingia foleni ya piti, anasimama na mguu kwenye breki, anapiga soga na jamaa wa gari la pembeni. Nikamwambia, broo, soga hizo zimekugharimu paundi 400.

Ila sikutaka kuhukumu kwa macho. Jirani yake ni mzee mmoja wa Kizungu, fundi mitambo mstaafu, mtu wa maneno matatu kwa siku. Alikuwa ametuchungulia dirishani tangu asubuhi. Akaja mwenyewe na kipimo chenye uso kama wa saa na kisindano, pamoja na mikromita kwenye kiboksi cha mbao. Tukaikaza diski kwa nati zake, kisindano kikaegemea uso wa diski, tukaizungusha kwa mkono. Kushoto, 0.03 ya milimita. Safi. Kulia, 0.12! Vitabu vingi vya magari vinaruhusu kati ya 0.05 na 0.1. Mimi nikaanza kutoa jasho kwenye baridi. Yaani hii ya kulia imepinda kweli?

Mzee hakusema kitu. Akafungua diski, akapitisha kidole kwenye habu, akaninyooshea. Kutu. Gamba la kutu lenye unene wa karatasi, upande mmoja wa habu. Diski mpya mara mbili imekalishwa juu ya kutu, ikawa inakwenda kombo. Diski ikikaa hivyo, kila mzunguko sehemu iliyojitokeza inagusa pedi hata kama hujakanyaga breki, na baada ya kilomita za kutosha unene wa diski unaanza kutofautiana. Kwa hiyo binamu alikuwa na magonjwa mawili, moja la gereji na moja lake mwenyewe.

Tulisugua habu zote mbili kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Tukarudisha diski, tukapima tena. Kulia, 0.05. Mzee akaichomoa, akaigeuza tundu moja mbele, akairudisha. 0.03. Akatikisa kichwa kukubali, na hilo kwake lilikuwa ni hotuba. Kwa mikromita tulipima unene sehemu nane kuzunguka kila diski. Vile vibaka vilisoma juu kidogo, tukavisugua kwa msasa taratibu, vikaondoka. Havikuwa vimefika kwenye simentaiti. Diski zile zile, msomaji, hatukununua hata moja! Tulinunua pedi tu, za treki, na kufunga nati kwa spana ya kupimia nguvu, kwa msalaba si kwa kuzunguka. Kitabu cha gari kinasema Nm 88 mpaka 118. Ile bunduki ya upepo ya gereji inakaza nati moja kama adhabu na nyingine kama salamu.

Jumapili alfajiri tukazifundisha kazi pedi mpya. Barabara tupu, kilomita 100 kushuka mpaka 15, bila kusimama, kisha unakanyaga mafuta tena, mara kumi hivi. Halafu unaendesha polepole zipoe bila kugusa breki. Kusimama katikati ya zoezi ni kuharibu yote, na binamu aliipita saini ya barabarani ya "toa nafasi" kwa mwendo wa konokono ili tu asisimame. Hakukuwa na gari, niko shahidi.

Jumatano nilikaa kiti cha abiria, helmeti ya kukodi imenibana masikio. Raundi ya tatu aliingia Druids akakanyaga breki mpaka mkanda ukanikata pumzi. Nikatazama stelingi. Imetulia. Binamu alikuwa anacheka peke yake ndani ya helmeti, nasikia kama redio ya jirani. Raundi ya mwisho akatembea mdogo mdogo kupooza breki, akaingia sehemu ya kuegesha, mkono ukaenda kwenye handibreki kwa mazoea, nikaupiga kofi. Weka gia, tafuta jiwe, ondoa mguu kwenye breki!

Sitakuficha, siku haikuisha bila doa. Mara ya tatu tulipoingia, pedeli ilianza kushuka, laini kama ndizi mbivu. Huo si mtetemo, huo ni ugonjwa mwingine: mafuta ya breki yanachemka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu wa hewani kiwango kinaweza kuporomoka mpaka 155, na za binamu zilikuwa na miaka ambayo hakutaka kuitaja. Alitaka raundi mbili zaidi. Nikamwambia mimi nashuka. Tukafunga siku saa nane mchana.

Na wewe wa hapa Bongo usinicheke ukasema hayo ni mambo ya Ulaya. Uliyetoka Iringa na Altezza yako, ukashuka Kitonga mguu haujaondoka kwenye breki, ukafika Ruaha Mbuyuni ukasimama kuchagua vitunguu huku umekanyaga pedeli, umepiga muhuri ule ule. Shuka kwa gia ndogo. Ukifika chini tembea kwanza zipoe, simama palipo tambarare, achia pedeli. Na fundi akikwambia diski imepinda, mwombe aifungue na akuonyeshe habu kabla hujatoa hela.

Jioni ile shemeji alitukuta nje tunafuta gari. Hakuuliza kitu, akafungua mlango, akakaa, akamwambia mumewe, "Nipeleke mpaka chini ya mlima, halafu ufunge breki kama unavyofungaga." Wakaenda. Mimi na mzee jirani tukabaki tumesimama barazani, hatuongei. Waliporudi shemeji akashuka taratibu, mkono kwenye tumbo, akalizunguka gari lote.

"Haya, kweli halitetemeki," akasema. "Lina viti vingapi?"

"Viwili," akajibu binamu.

"Na mwezi wa nane sisi tutakuwa wangapi?"

Binamu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mzee. Mzee akachukua kiboksi chake cha mbao akaenda kulala.

Ijumaa ijayo: mafuta ya breki, na kwa nini ile chupa uliyoifungua mwaka juzi haifai tena.